Jahazi Lina Namba Gani? Tathmini ya Huduma ya Kutungiwa Mfumo wa Kupanga Maktaba, Lamu

Maktaba yetu iko Langoni, ghorofa ya juu ya nyumba ya mawe ambayo chini yake huuzwa kamba na rangi za vyombo, na ndani yake hamna kitu kisichohusu bahari. Tuna vitabu, vijitabu, ramani, picha, kaseti na makasha matatu ya karatasi za manahodha. Kwa hesabu tuliyoifanya kabla ya Ramadhani iliyopita, jumla ni vipande 1,312. Kwa muda wa miaka kumi na mmoja vitu hivi vilipangwa kwa kumbukumbu ya mtu mmoja, naye ni mimi, na mpango huo ulitosha mpaka nilipolazwa Mombasa kwa wiki mbili, kijana niliyemwachia funguo akashindwa kumpatia fundi wa Matondoni mchoro wa mashua uliokuwa hatua tatu kutoka mezani pake. Niliporudi, kamati ilikwisha kata shauri kwamba atafutwe mkutubi wa kututungia mfumo wa uainishaji unaotufaa. Tathmini hii ni ya kazi ya mkutubi huyo. Sitamtaja jina, kwa kuwa nina ya kumsifu na nina ya kumlaumu, lakini naamini yote mawili yatamfaa mtu mwenye mkusanyo mdogo wa fani moja anayefikiria kulipia huduma ya namna hii.

Mkataba ulikuwa wa siku kumi na nane za kazi kwa shilingi 6,000 kwa siku, mbali na nauli, malazi na chakula, ambavyo vilikuwa juu yetu. Kwa malipo hayo alipaswa kutuachia mfumo wenyewe, mwongozo wa kuutumia ulioandikwa kwa Kiswahili, namba juu ya kila kipande, mafunzo kwa watu wawili, na ziara moja ya marekebisho baada ya miezi sita. Manne ya kwanza tuliyapata. La tano nitalieleza mahali pake.

Katika kikao cha kwanza mjumbe mmoja wa kamati, mwalimu mstaafu, aliuliza swali ambalo mtu yeyote angeliuliza: kwa nini tulipie mfumo mpya ilhali upo wa Dewey, ambao umekuwako tangu mwaka 1876 na ambao ndio unaojulikana zaidi katika maktaba za shule na za umma? Mkutubi hakujibu kwa hotuba. Alichukua vitabu sita vya kwetu, akavilaza mezani, kisha akaandika kwa penseli kwenye vipande vya karatasi namba ambayo kila kimoja kingepewa na Dewey. Kitabu cha kuunda vyombo kilikwenda 623.8, ambayo ni sehemu ya uhandisi wa kijeshi, kwa sababu huko ndiko mfumo huo ulikoziweka manowari na merikebu kwa pamoja. Cha usafirishaji wa baharini kilikwenda 387, cha kuongoza chombo kwa nyota 527, cha uvuvi 639.2, cha mikondo ya bahari 551.46, na diwani ya mashairi ya Kiswahili ikaangukia 896.392, mwisho kabisa, jirani na historia. Katika maktaba kubwa mtawanyiko huo hauna neno, maana kila namba ina majirani wa kutosha. Kwetu sisi, ambao hatuna chochote ila bahari, rafu nyingi zingekaa tupu huku vitu vinavyoulizwa pamoja vikikaa mbalimbali, na fundi anayetaka kujua mbao zinavyopindwa na upepo unavyoshika tanga angelazimika kuzunguka chumba kizima. Mwalimu alivitazama vile vipande vya karatasi, akasema, "Kumbe jahazi ni silaha?" na hoja yake ikaishia hapo.

Mkutubi alitueleza pia kwamba hatukuwa wa kwanza kuona dhiki hii. Dorothy Porter, aliyekabidhiwa mwaka 1930 mkusanyo wa vitabu vya watu weusi katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Howard, Marekani, alikuta vitabu vya watu weusi vikisukumwa kwenye namba mbili tu, 325 ya ukoloni na 326 ya utumwa, akakataa na kuvipanga upya. Brian Deer, Mmohawk wa Kanada, alitunga katika miaka ya 1970 mfumo wa vitabu vya wenyeji wa asili wa nchi hiyo, nao unatumika mpaka leo katika maktaba ya wenyeji ya Chuo Kikuu cha British Columbia, Vancouver. Mimi binafsi nilipendezwa zaidi na mfano ulio karibu na madrasa zetu, wa Ibn al-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad, ambaye mwaka 377 wa Hijria aligawa vitabu vyote vya Kiarabu alivyovijua katika makala kumi, akaanza na lugha na vitabu vitakatifu na kumalizia na alkemia. Mtu wa Lamu hahitaji kuambiwa kwamba elimu ilikuwa ikipangwa kabla ya 1876.

Siku tatu za kwanza mkutubi hakugusa rafu hata moja. Alikaa barazani pamoja nasi na daftari lake, akiandika kila swali la kila aliyepanda ngazi, kwa maneno yaleyale ya muulizaji. Kusema kweli niliona tunalipia mazungumzo, na siku ya pili nilimwambia hivyo bila kuficha. Akanijibu kwa adabu, "Nistahimilie, Maalim. Nikianza na vitabu nitapanga vitabu, na mimi nataka kupanga maswali." Jioni ya siku ya tatu alinipa daftari nilisome. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameuliza kuhusu "usafiri wa majini", maneno ya vitabu vya shule, lakini wengine wote walianza na chombo, au na mtu, au na upepo: jahazi la fulani lilizama wapi, nani alikuwa nahodha wa chombo kilichopeleka boriti za mikoko Ghuba, kusi ya mwaka ule iliwahi au ilichelewa, mataruma, yaani mbavu, ya mashua ya futi thelathini hupangwa kwa umbali gani. Hakuna aliyetamka neno "uhandisi". Siku hizo tatu nilizozinung'unikia ndizo ninazoziona sasa kuwa zilistahili malipo kuliko zote kumi na nane.

Katika daftari hilo yalitoka mafungu makuu tisa, kila moja na herufi yake, na hapo alikumbana na kikwazo ambacho aliyezoea mifumo ya lugha nyingine hakitarajii: katika Kiswahili karibu kila jina la shughuli huanza na U. Uundaji, uvuvi, unahodha, usafiri, ushairi, utabiri wa pepo. Ukichukua herufi ya kwanza ya kila neno, maktaba nzima inakuwa fungu moja. Alikitatua kwa kuliacha jina na kushika mzizi, hata kuunda kukapata U, kuvua kukapata V na kusafiri kukapata S, na yale yasiyo na kitenzi cha kufaa yakaitwa kwa kitu chenyewe: N kwa nyota, pepo na maji; B kwa biashara na bandari; T kwa tungo; D kwa dua na visomo vya baharini; P kwa watu wa pwani na habari zao; L kwa lugha na kamusi. Kijana wetu alizihifadhi zote tisa kwa asubuhi moja, na hajawahi kuniuliza tena.

Kanuni hiyohiyo aliitumia katika faharasa, nami naisifu bila kusita. Faharasa ya kawaida ya alfabeti ingemweka mvuvi kwenye M, wavuvi kwenye W, uvuvi kwenye U na kuvua kwenye K, na msomaji angepata robo ya anachokitafuta akadhani amepata chote. Katika faharasa yetu yote yamo chini ya -vua, na yeyote anayezungumza Kiswahili hulifikia fungu hilo bila kufundishwa, kwa kuwa mzizi wa neno anao kinywani tayari. Nimewahi kuona katalogi za Kiswahili zilizotungwa na watu wenye shahada kubwa ambazo hazikuliona jambo hili jepesi.

Sehemu nzuri kuliko zote, kwa maoni yangu, ni mgawanyo wa vyombo, na hiyo haikutoka kwake peke yake. Rasimu yake ya kwanza ilivipanga kwa ukubwa, kuanzia mtumbwi na hori hadi bagala, akaibandika ukutani ili watu waitolee maoni. Nahodha mmoja mzee wa Shela, ambaye hutupandia kila Alhamisi, aliisoma yote akiwa amesimama, ndipo akaketi. Mkutubi akamwamkia, "Shikamoo, Nahodha. Nionyeshe nilipokosea."

"Marahaba, mwanangu. Hesabu yako ni nzuri, lakini chombo hakijulikani kwa ukubwa. Mtoto wa jahazi naye ni jahazi. Tazama tezi, huku nyuma yake."

Palikuwa na sahani ya tende mezani. Aliokota kokwa moja akaiweka kiganjani, na kando yake akaweka kiberiti. Kokwa ina ncha huku na huku, akasema, na hivyo ndivyo vilivyo dau, betili na bedeni. Kiberiti kimekatwa nyuma, nacho ni jahazi, sambuki, bagala na ghanja. Kisha akatafuta kitu cha tatu, asikione, akashika ukingo wa mkeka tuliokalia na kuuinua kidogo: huu ni mtepe, usio na msumari, uliokuwa ukishonwa kwa kamba za makumbi na kuvaa tanga la mkeka. Mkutubi aliibandua rasimu papo hapo. Usiku ule vyombo vilipata makumi matatu, ya 10 kwa vyenye ncha mbili, ya 20 kwa vyenye tezi bapa na ya 30 kwa vya kushonwa, na ndani ya kila kumi ndipo ukubwa ukafuata. Baadaye nilikuta katika vitabu tulivyo navyo kwamba wataalamu wa vyombo vya Bahari ya Hindi nao huanzia hapohapo kwenye tezi, lakini nafurahi kwamba sisi tulikufikia kwa kokwa ya tende.

Kwa upande wa mahali, namba yake inafuata pwani yenyewe kutoka kaskazini kwenda kusini, kisha inavuka ng'ambo: 1 ni visiwa vyetu, yaani Amu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayuu, 2 ni Kipini hadi Malindi, 3 ni Mombasa na kusini yake, 4 ni Unguja na Pemba, 5 ni Ngazija na visiwa vyenzake, 6 ni Yemen na Oman, 7 ni Ghuba, 8 ni Bara Hindi, na 9 ni kwingineko kote. Kwa hiyo V1 ni uvuvi wa hapa na S7 ni safari za Ghuba, na mtu huweza kulisoma hilo kwa mbali kabla hajavaa miwani. Kosa lilikuwa upande wa kaskazini. Kismayu na Barawa alikuwa amezitupa kwenye 9, pamoja na Ureno na Marekani, kwa sababu alianza kuhesabu pale ramani ya Kenya inapoanzia. Yeye ni mtu wa Mombasa, na kwa mtu wa Mombasa kaskazini huishia Lamu. Kwetu mambo si hivyo: Wabajuni wana visiwa vyao pande zote mbili za mpaka, Chimiini cha Barawa ni ndugu wa lugha yetu, na katika makasha yetu karatasi zinazotaja Kismayu ni nyingi kuliko zinazotaja Mombasa. Nilipomweleza alikiri, lakini alitaka kuifanya 1.9, jambo ambalo lingewafanya watu wa Barawa kuwa mkia wa Lamu. Tuliwapa 0, iliyokuwa imebaki bure, na ambayo rafuni hutangulia 1 kama vile miji hiyo inavyotangulia Kiwayuu kwa mtu anayeshuka na kaskazi.

Ndani ya N alifanya kitu kidogo ambacho wageni huenda wasikione. Pepo hazikupangwa kwa alfabeti bali kwa mwendo wa mwaka, kaskazi kwanza, kisha kusi, kisha demani, na mbele yake ikawekwa hesabu ya mwaka wa mabaharia, ule unaoanza Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Anayetafuta hali ya bahari ya mwezi fulani hutembea na rafu kama anavyotembea na mwaka.

Mabishano yetu makubwa yalikuwa juu ya makasha. Kasha la pili lilikuwa la nahodha mmoja aliyefariki kabla sijazaliwa, na ndani yake mna rahmani, yaani kitabu cha kuongozea safari, barua za wafanyabiashara, hati za shehena, madeni ya mabaharia, dua zilizoandikwa kwenye karatasi ya kufungia kahawa, na beti chache zisizo na jina la mtunzi. Mkutubi alitaka kuligawa: rahmani iende N, barua B, dua D, beti T, madeni P. Kwa mujibu wa mfumo wake alikuwa sahihi kabisa, na nilikataa kabisa. Tuliketi sakafuni nikamfungulia barua moja inayotaja kwamba mlango wa bandari fulani una pima tatu tu maji yakipwa, kisha nikamfungulia rahmani, ambapo pambizoni, kwa mkono uleule na wino uleule wa kahawia, pameandikwa pima tatu mahali ambapo mwandishi wa asili aliandika tano. Barua hiyo ikienda B na rahmani ikienda N, nani atajua kwamba masahihisho yale yalitokana na safari ile? Alizishika karatasi zote mbili kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba huo ndio utaratibu wa watunza nyaraka, ambao huacha karatasi pamoja kwa asili yake na kwa mpangilio wa mwenyewe, na kwamba alikuwa ameusahau kwa kuwa yeye amelelewa katika vitabu.

Walichokubaliana mkutubi na kamati ni kwamba makasha yabaki nje ya mafungu tisa, kila moja na orodha yake, na katika kila fungu iwekwe kadi inayomwelekeza msomaji kwenye kasha na karatasi inayohusika. Suluhisho hili lina manufaa mengine ambayo hatukuyafikiria wakati ule. Ile rahmani ina maandishi ya wakfu kwenye ukurasa wa kwanza, yanayotaka isitolewe nyumbani mwa waliokabidhiwa, na lau ingewekwa rafuni pamoja na vitabu vya kuazimwa, siku moja ingetoka mlangoni mikononi mwa mtu asiyesoma Kiarabu.

Kwenye mambo ya siku hizi mfumo huyumba kidogo. Tuna faili nene kuhusu bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilianza kazi mwaka 2021, na ndani yake mna hukumu ya Mahakama Kuu ya Malindi ya mwaka 2018, iliyoamuru wavuvi walioathiriwa na mradi huo walipwe fidia. Mkutubi aliiweka hukumu hiyo B1, kwa sababu kichwa chake kinataja bandari. Wanaoiulizia ni wavuvi, nao huenda V1, hukuta vitabu vya nyavu na samaki, hurudi mezani na kusema haipo. Mwongozo wake mwenyewe, ukurasa wa nne, unasema kwamba kitu kiwekwe pale kitakapotafutwa na anayekihitaji zaidi. Alivunja kanuni yake kwa kusoma jalada badala ya kumkumbuka msomaji. Niliihamisha mwenyewe, nikaacha kadi mahali ilipokuwa.

Kwa katalogi ya kompyuta alituwekea programu ya Koha, ambayo haina malipo na ambayo ilizaliwa New Zealand. Jina lake kwa Kimaori lina maana ya zawadi. Programu hii inakubali mfumo wa uainishaji wa kienyeji bila ubishi, na mkutubi alifanya jambo la busara ambalo singelikumbuka kulidai: katika kila rekodi, kando ya namba yetu, aliandika pia ile ya Dewey. Rafu zetu zinafuata bahari, lakini siku tutakapotaka kuunganisha katalogi yetu na ya maktaba nyingine, hatutaanza upya. Waandishi wa pwani aliwapanga kwa jina la kwanza baada ya kuondoa Sheikh, Sharifu, Bwana na Mwenye, hivyo Salim bin Ahmed yuko kwenye S na si kwenye A wala kwenye B ya "bin", na hilo ndilo tulilolizoea. Kadi za karatasi hazikutupwa, kwa sababu umeme wa Lamu tunaujua.

Sasa lawama. Ya kwanza ni urefu wa namba. Kijitabu kuhusu madau ya Pemba kimepewa U4.12 SAL 1978, ambayo kila sehemu yake ina maana, na ambayo haiwezi kuandikwa kwenye mgongo wa kijitabu cha kurasa ishirini kwa sababu hakina mgongo. Sehemu kubwa ya mali yetu ni vijitabu vya namna hiyo. Mtu aliyekaa nasi siku kumi na nane angeliona hilo siku ya kwanza. Tumelazimika kununua maboksi, tukaandika herufi na mahali kwa nje, na namba kamili kwa penseli ndani ya jalada.

Ya pili ni lebo. Alikuja nazo kutoka Mombasa, za kujibandika zenyewe, akabandika zaidi ya mia nane wakati wa kaskazi, hewa ikiwa kavu. Kusi ilipoanza na mvua za masika, gundi ililegea, na asubuhi moja ya mwezi wa Mei nilifungua mlango nikakuta lebo sakafuni kama maua ya mwarobaini. Hakuna kitabu kilichopoteza namba yake, kwa kuwa katalogi ilikuwepo, lakini kazi ya siku nne ilirudiwa kwa siku saba, safari hii kwa vipande virefu vya karatasi ngumu vinavyochomekwa ndani na kuchungulia juu ya kitabu. Mtu anayeuza huduma pwani anapaswa kujua chumvi na unyevu hufanya nini kwa gundi.

Ya tatu ndiyo nzito. Mwongozo aliotuachia una kurasa thelathini na nane, umeandikwa kwa Kiswahili safi, na mifano yake ni ya vitabu vyetu wenyewe. Lakini sehemu ya namna ya kuupanua mfumo ni nusu ukurasa. Inasema fungu jipya lisifunguliwe mpaka vipatikane vitu vitano vinavyolihitaji, nayo ni kanuni nzuri, maana mfumo wenye vyumba vitupu huwachosha watu. Haisemi nani aamue, wala namba mpya ichukuliwe wapi, wala vitu vinne vikae wapi vikisubiri cha tano. Ziara ya miezi sita ilikuwa ya kujaza pengo hilo. Miezi sita ilipita, ikawa tisa. Simu hupokelewa kwa heshima zote, udhuru hutolewa, tarehe hupangwa na kuahirishwa. Simtuhumu nia mbaya, lakini mfumo wa maktaba una hali ya chombo kipya kilichoshuliwa: maji ndiyo huonyesha palipobaki pa kutiwa kalafati, yaani pa kuzibwa, na fundi huhitajika wakati huo kuliko alivyohitajika wakati wa kuunda.

Nikiulizwa kama fedha zetu zilikwenda mahali pake, nitasema ndiyo. Maktaba ya shule, au yenye vitabu vya kila fani, isifikirie jambo hili hata kidogo; itumie Dewey, ambayo wanafunzi wataikuta tena mbele ya safari. Lakini mwenye mkusanyo wa fani moja, uwe wa tungo za miswada, wa nakshi za milango au wa dawa za miti, ambao waulizaji wake ni watu wa fani hiyohiyo, atapata faida ambayo mfumo wa kununua hautampa. Aandike tu katika mkataba kwamba siku za kusikiliza maswali zisipunguzwe, kwamba lebo zijaribiwe kwa msimu mmoja wa mvua kabla ya kubandikwa zote, na kwamba sehemu ya malipo ibaki mkononi mpaka ziara ya mwisho ifanyike.

Hili la mwisho mhazini wetu alilifanya bila kuambiwa na mtu. Alizuia shilingi 12,000, ambazo ziko ndani ya bahasha katika kabati la mezani. Juu ya bahasha hiyo nimeweka kaseti iliyorekodiwa ufukweni Matondoni siku ya kushua jahazi, ambayo upande mmoja ina nyimbo za kuvutia chombo na upande wa pili fundi anaeleza vipimo vyake kimoja kimoja, huku watu wakiendelea kuimba nyuma yake. Mkutubi aliiandika T1, nami nikaifuta nikaandika U1, kisha nikaifuta tena. Nahodha wa Shela ameisikiliza mara mbili, na kila mara husema kwamba bila wimbo chombo kile kisingeingia majini.